Mishipa imebana, figo zimechoka: namna ya kupata picha bila kuziumiza

Mgonjwa wa kazi hii mnamjua: kisukari cha miaka mingi, presha, kidonda cha kidole cha mguu kinachokataa kufunga, na karatasi ya maabara yenye kriatinini 190 (taka ya misuli ambayo hupanda damuni figo zikichoka). Daktari anataka kujua ateri imebana wapi. Fomu inafika chumba cha CT, jicho linatua kwenye ile 190, fomu inarudishwa wodini. Wiki mbili zinapita na kidole kinageuka cheusi. Kosa la upande wa pili nalo lipo: fomu haina kriatinini hata ya mwaka jana, mililita 120 za dawa ya rangi, ile ya iodini inayochomwa ili mishipa ionekane kwenye CT, zinasukumwa, na siku ya tatu mkojo umepungua.

Mwongozo huu ni wa madaktari, maafisa wa kliniki, wauguzi na wapiga picha wanaohudumia Mombasa na vitongoji vyake. Msimamo wetu ni kwamba mahali mshipa ulipo ndipo panapochagua kipimo. Figo zinachagua kiasi cha dawa na maandalizi. Figo dhaifu ni sababu ya kuanza na vipimo visivyozigusa, si sababu ya kumnyima mtu picha inayoweza kumwokolea mguu.

Picha itabadilisha nini?

Uliza hili kabla ya kuandika fomu yoyote. Mfano mzuri ni ateri ya figo yenyewe. Zamani ikionekana imebana, mtu aliwekewa stenti, kibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Kisha majaribio mawili makubwa, ASTRAL (2009) na CORAL (2014), yakaonyesha kwamba kwa wagonjwa wengi stenti haikuongeza faida juu ya dawa nzuri za presha na lehemu. Kwa hiyo mgonjwa ambaye presha yake imetulia na figo hazishuki hahitaji kutafutiwa mbano huo kwa dawa ya rangi. Mtafutie kama mapafu yamejaa maji ghafla zaidi ya mara moja, kama presha haishuki kwa dawa tatu au zaidi, au kama figo zinaporomoka haraka, hasa baada ya kuanzishiwa dawa za kundi la enalapril au losartan.

Kwa mguu, anayeumwa shavu la mguu akitembea na kupona akipumzika anaweza kutibiwa kwanza kwa mazoezi, dawa na kuacha sigara. Mwenye maumivu usiku akiwa amelala, kidonda au donda ndugu anahitaji ramani ya mishipa, na anaihitaji wiki hii.

Soma figo vizuri

Kriatinini peke yake inadanganya. Chukua mikromoli 110 kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 30, fomula ya CKD-EPI ya 2021 inatoa kiwango cha uchujaji, yaani eGFR, cha takriban 80. Kwa bibi wa miaka 75, namba ileile inatoa takriban 45. Yule mgonjwa wetu wa 190, kama ni mwanamume wa miaka 64, yuko kwenye 34 hivi. Vikokotoo viko kwenye simu, bure. Hakikisha tu umechagua mikromoli na si miligramu, maana maabara zetu nyingi hutoa mikromoli na vikokotoo vingi vya Marekani huanza na miligramu. Ukitaka kugeuza kwa mkono, gawanya kwa 88.4.

Kuna watu wawili ambao fomula hii haiwafai. Wa kwanza ni yule ambaye kriatinini yake inapanda au kushuka siku hadi siku: kwake eGFR haina maana, mchukulie kama mwenye figo zilizoumia sasa hivi. Wa pili ni aliyekonda sana au aliyekwisha katwa mguu. Misuli ni michache, kriatinini inatoka kidogo, na hesabu inamwonyesha mzima kuliko alivyo.

Kisha uliza dawa, na uliza kwa namna itakayokupa jibu. Ukisema “unatumia dawa gani?” utatajiwa za kliniki tu. Sema: “Shikamoo mzee. Miguu ikikuuma usiku, unameza nini upate usingizi?” Hapo ndipo diclofenac na Brufen za duka la dawa zitatajwa, pamoja na mizizi ya kuchemsha. Hizo za maumivu zisimamishwe mara moja. Zinaumiza figo kuliko dawa ya rangi mnayoiogopa.

Hatua ya kwanza: mkanda wa presha na Dopla ya mkononi

Kipimo hiki hakigusi figo na kinaweza kufanywa kliniki yoyote. Mgonjwa alale chali dakika 5 hadi 10. Pima presha ya mikono yote miwili kwa Dopla, kifaa kinachokusikilizisha damu ikipita, isipokuwa mkono wenye fistula ya dialisisi (mshipa uliounganishwa na ateri kwa upasuaji); huo haufungwi mkanda kamwe. Funga mkanda mguuni, ukingo wake wa chini ukiwa sentimita 2 hivi juu ya kifundo. Tafuta sauti ya mshipa juu ya wayo, kisha ule wa nyuma ya kifundo. Jaza mkanda hadi sauti ipotee, ongeza 20, halafu achia taratibu, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde, na uandike namba ambapo sauti inarudi. Chukua presha kubwa ya kifundo, gawanya kwa presha kubwa ya mkono.

Mkono 150, kifundo 105: jibu ni 0.70. Chini au sawa na 0.90 ni ugonjwa wa ateri. Kati ya 0.91 na 0.99 ni ukingoni.

Mtego uko juu ya 1.40. Wenye kisukari na wenye figo dhaifu hujaa chokaa kwenye ukuta wa ateri, mshipa unakuwa kama bomba la plastiki ngumu, na mkanda haukandamizi kitu. Kifundo 230 juu ya mkono 150 si mguu wenye nguvu. Ni kipimo kilichoshindwa. Tena chokaa ikiwa ya wastani inaweza kupandisha mguu mbovu hadi 1.0 na ukaonekana mzima. Kwa hiyo kwa wagonjwa hawa pima kidole gumba cha mguu kwa mkanda mdogo, kwa sababu mishipa ya vidole huepukana na chokaa zaidi. Uwiano wa kidole na mkono wa 0.70 au chini ni ugonjwa, na presha ya kidole chini ya 30 ina maana kidonda hakitapona bila damu kurudishwa. Mguu uwe na joto wakati wa kupima. Kiyoyozi cha chumba kikipuliza moja kwa moja miguuni, mishipa midogo inajikunja na namba inashuka bure.

Hatua ya pili: ultrasaundi ya Dopla

Wengi wa wagonjwa wenye figo dhaifu wanaweza kumalizikia hapa, mradi mpimaji apewe muda. Mguu mmoja kuanzia kinena hadi kifundo unataka dakika 30 hadi 45. Ukiupa dakika 10 katikati ya foleni ya mama wajawazito utapata ripoti ya “mishipa inapitisha damu”, ambayo haimsaidii mpasuaji.

Kanuni isiyovunjwa ni pembe. Mstari wa Dopla na mkondo wa damu visizidi nyuzi 60. Ukiweka alama ya pembe vibaya kwa nyuzi 5, kwenye 60 kasi inapanda kwa asilimia 18 hivi. Kwenye 75 inapanda karibu asilimia 50. Mbano mwingi wa uongo tunaouona kwenye ripoti umezaliwa hapo.

Mguuni, linganisha kasi ya juu kabisa mahali pa mbano na kasi ya kipande kizima kilicho juu yake kidogo. Ikiwa mara 2 au zaidi, mshipa umebana asilimia 50 au zaidi. Ikizidi mara 4, ni 75 au zaidi. Soma pia umbo la wimbi. Wimbi la awamu tatu kwenye kinena linakuambia ateri za tumboni na nyonga ziko wazi. Wimbi lililolegea, linalopanda polepole na kuinama, lina maana mbano uko juu yako, hata kama hujauona. Panda tumboni ukautafute.

Shingoni, kwa aliyepata kiharusi, makubaliano ya wataalamu wa Marekani ya 2003 bado ndiyo yanayotumika sehemu nyingi: kasi kwenye karotidi ya ndani (ateri ya shingo inayopeleka damu kwenye ubongo) chini ya sentimita 125 kwa sekunde, mbano uko chini ya asilimia 50, 125 hadi 230, ni 50 hadi 69, juu ya 230, ni 70 au zaidi. Uwiano na karotidi ya kawaida ukizidi 4 unathibitisha. Mshipa uliobaki uzi tu unaweza kuwa na kasi ndogo, kwa hiyo usiamini namba bila kutazama picha ya rangi.

Ateri za figo ndizo ngumu kuliko zote, kwa sababu ya gesi na kitambi. Mgonjwa asile saa 6 hadi 8, apewe nafasi ya kwanza asubuhi, na mwenye insulini aelezwe ajichome kiasi gani siku hiyo. Tumia proba ya tumbo ya megahezi 2 hadi 5, anza na aota (ateri kuu ya mwili), halafu mgeuze ubavu. Kasi ya sentimita 200 kwa sekunde na zaidi, au uwiano na aota unaozidi 3.5, ni mbano wa asilimia 60 na zaidi. Pima pia urefu wa figo na ukinzani ndani yake: ukinzani juu ya 0.80 unaashiria kwamba figo yenyewe imeharibika, na kufungua mshipa huenda kusirudishe kitu.

Hatua ya tatu: MRI bila dawa

Chokaa haiisumbui MRI kama inavyoisumbua CT, na hilo kwa wagonjwa hawa ni jambo kubwa. Shingoni, picha za damu inayotiririka, ambazo wapiga picha huziita TOF, hazihitaji sindano yoyote. Miguuni, kama mashine ina programu ya QISS, ambayo nayo haihitaji dawa, tumia hiyo. Inafuata mapigo ya moyo, kwa hiyo bandika vibandiko vya ECG vizuri, na ngozi yenye jasho ifutwe kwanza. Piga simu kituoni uulize programu gani ipo kabla ya kumvusha mgonjwa Likoni bure.

TOF ina tabia ya kutia chumvi. Damu ikizunguka vurugu baada ya mbano, au ikienda sambamba na kipande cha picha, mwanga unapotea na mbano wa asilimia 50 unaonekana kama umeziba. Stenti nayo huacha shimo jeusi. Ukiona “ameziba” kwenye TOF na Dopla inasema damu inapita, iamini Dopla.

Gadolini, dawa ya rangi ya MRI, inaogopwa kwa sababu ya ugonjwa wa ngozi na viungo kukakamaa, ambao ulihusishwa nayo mwaka 2006. Hofu ilikuwa sahihi kwa dawa za zamani: gadodiamide, gadopentetate na gadoversetamide zisimfikie mtu wa eGFR chini ya 30. Dawa za kundi la pili, kama gadobutrol na gadoterate, hatari yake ni ndogo mno, na zinaruhusiwa pale picha inapohitajika kweli. Dozi ni milimoli 0.1 kwa kilo. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni mililita 6 za gadobutrol au mililita 12 za gadoterate, kwa kuwa ya pili ina nusu ya ukali. Wanaochanganya hizi mbili hutoa dozi maradufu. Aliye kwenye dialisisi apigwe picha siku ya zamu yake, kabla ya kuingia mashineni.

Kuna wazo la kizamani bado linasikika: kutumia gadolini badala ya iodini kwenye picha za eksirei za katheta (mrija unaopitishwa ndani ya ateri) “ili kulinda figo”. Usifanye. Ili ionekane kwenye eksirei inatakiwa nyingi sana, na ikiwa nyingi inaumiza figo vilevile.

Hatua ya nne: CT kwa dawa kidogo

eGFR ya 45 na kuendelea, endelea bila dripu. Kati ya 30 na 44, endelea, mgonjwa akiwa ameshiba maji na amesimamisha dawa za maumivu. Chini ya 30, au figo zilizoumia karibuni, kaeni chini daktari na mpiga picha, na kama hakuna njia nyingine, andaeni dripu. Mguu uliokufa ganzi ghafla na kuwa baridi haungojei kriatinini. Huo unakwenda leo.

Kwa anayefanyiwa dialisisi na asiyetoa mkojo tena, iodini haina figo ya kuharibu. Angalia tu mzigo wa maji. Usimwitie dialisisi ya ziada kuondoa dawa. Lakini anayetoa hata vikombe viwili vya mkojo kwa siku, mkojo huo ni mali, ulindwe.

Dripu ni maji ya chumvi ya 0.9%, mililita 1 kwa kilo kwa saa, saa 3 hadi 4 kabla na saa 4 hadi 6 baada. Mtu wa kilo 60 anapata mililita 60 kwa saa. Kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni matone 20 kwa dakika. Jumla haifiki chupa mbili za mililita 500. Sikiliza mapafu na tazama miguu kwanza, kwani mwenye moyo uliochoka na uvimbe hadi magotini hapewi dripu hii. Sodiamu baikaboneti na vidonge vya acetylcysteine havikuongeza kitu katika jaribio kubwa la PRESERVE la 2018. Okoa pesa ya mgonjwa.

Jambo la hapa kwetu ni jua. Mtu ameamka Mtwapa au Ukunda alfajiri, ameambiwa asile wala asinywe tangu usiku wa manane, amekaa matatuni na kwenye foleni ya feri, na miezi ya Januari hadi Machi anafika saa tano akiwa mkavu kabisa. Huyo mmemharibu kabla ya sindano. CT ya mishipa haihitaji kufunga maji. Mwambie anywe maji ya kawaida kiasi anachoruhusiwa hadi saa ya kuingia. Na sema wazi “maji”, kwa sababu wengi wataelewa madafu. Maji ya dafu yana potasiamu takriban miligramu 250 kwa kila mililita 100, na mwenye eGFR ya 25 akinywa matatu anaweza kuja na moyo unaodunda ovyo. Mwezi wa Ramadhani, uliza kama amefunga kabla ya kupanga tarehe, na kama picha inaweza kungoja, ipangwe baada ya Idi.

Metformin isimamishwe siku ya kipimo kwa wa eGFR chini ya 30, wala isirudishwe, kwani kwa kweli hakupaswa kuwa nayo; kwa mwenye figo zilizoumia karibuni isimamishwe pia, na irudishwe baada ya saa 48 kama kriatinini haijapanda.

Kanula iwekwe nyuma ya kiganja. Mishipa ya mkono kutoka kifundo hadi kiwiko, hasa wa upande asiotumia sana, ni ya fistula ya kesho, na nesi anayechoma hapo kwa sababu “mshipa ni mzuri” anamchomea mtu dialisisi yake. Kanula ya geji 20 nyuma ya kiganja inatosha ikiwa mshipa ni mnene na umeujaribu kwanza kwa maji ya chumvi.

Mashineni, shusha kilovolti. Kwenye 80 iodini inang’aa zaidi kuliko kwenye 120, na hiyo ndiyo inayokuruhusu kupunguza dawa hadi mililita 50 au 60 kwa miguu yote miwili badala ya 100 na zaidi. Kwa mnene tumia 100. Fuatisha mililita 40 za maji ya chumvi ili dawa isibaki mkononi. Panga mapema kwenye mashine mzunguko wa pili kuanzia magotini kwenda chini: kwa mgonjwa mwenye mbano, damu inatembea polepole, meza inaipita, na mishipa ya chini inatoka mitupu kana kwamba imeziba. Mzunguko wa pili hautaki dawa nyingine, ila ukisahau kuupanga, dawa itakuwa imekwisha kupita.

Wakati wa kusoma, panua dirisha la mwangaza na tumia vipande vyembamba, maana chokaa huvimba kwenye picha na kumeza njia ya damu. Kipande chenye chokaa duara zima usikitolee asilimia; andika “hapasomeki” na urudi kwa Dopla.

Hatua ya mwisho: katheta na gesi

Katheta iingie pale tu mtu anapokwenda kutibiwa hapohapo. Chini ya kiwambo cha kifua, gesi ya kaboni dayoksaidi inaweza kuchukua nafasi ya iodini karibu yote: inayeyuka kwenye damu na kutoka kwa pumzi. Kamwe isipelekwe kwenye ateri za juu ya kiwambo, kwa moyo au ubongo. Silinda isiunganishwe moja kwa moja na katheta. Pitisha kwenye mfuko wenye vali, na usafishe mirija mara tatu hewa ya chumba isibaki. Sukuma mililita 3 hadi 5 kwanza kuondoa maji kwenye katheta, halafu dozi ya picha, mililita 30 hadi 40 kwa mguu. Ngoja dakika 2 hadi 3 kabla ya nyingine. Gesi huelea, kwa hiyo inua mguu nyuzi 15 hivi. Presha ikianguka ghafla, simamisha, mlaze ubavu wa kushoto kichwa kikiwa chini. Chini ya goti gesi mara nyingi haitoshi. Hapo malizia na mililita chache za iodini.

Iodini ikilazimu, jumla ya mililita isizidi mara 3 ya eGFR: mwenye 25 anaishia 75, na ukiweza ishia 50. Namba hiyo iandikwe ubaoni kabla ya kuanza na mtu mmoja awe anahesabu kwa sauti.

Baada ya picha

Rudia kriatinini saa 48 hadi 72, maabara ileile. Kupanda kwa mikromoli 26.5 ndani ya saa 48, au mara 1.5 ya mwanzo ndani ya siku 7, ni figo zilizoumia. Ukipiga picha Ijumaa kipimo kinaangukia Jumapili, na hakitafanywa. Wagonjwa wa eGFR chini ya 30 wapangwe Jumatatu au Jumanne. Anayetoka Lunga Lunga au Kilifi apewe karatasi ya kupimwa karibu na kwake, pamoja na namba ya kwanza imeandikwa juu yake, tofauti ya maabara ikizingatiwa.

Kriatinini inayopanda polepole kwa wiki kadhaa baada ya katheta, vidole vikiwa na rangi ya zambarau na ngozi ya miguu imefanya mistari kama wavu, si kosa la dawa ya rangi. Ni vipande vya lehemu vilivyokwanguliwa kwenye aota vikaenda kuziba mishipa midogo, na dripu haitasaidia. Mwite daktari wa figo siku hiyohiyo.